Ampea za Mota Si Kipimo cha Kinu

Zamu ya usiku kwenye kiwanda cha saruji, ampea za mota ya kinu cha mipira, lile pipa kubwa linalozunguka na kusaga kwa mipira ya chuma, zikaanza kushuka. Nikasema kina njaa hiki, nikaongeza klinka, yale mabonge yanayosagwa kuwa saruji. Zikashuka tena, nikaongeza tena. Simu ikalia, fundi aliyekuwa chini akaniambia, "Bosi, kinu kimenyamaza." Kilikuwa kinazunguka kama kawaida, ila ule mlio wa chuma kugonga chuma haukusikika. Kilikuwa kimesongwa: kimejaa kupita kiasi.

Ndiyo maana siamini chumba cha uendeshaji kinachopima ujazo wa kinu kwa ampea peke yake. Mota inafanya kazi ya kuinua mzigo uliolalia upande mmoja. Ukiongeza malighafi, umeme unapanda hadi kileleni. Ukizidisha, kitovu cha uzito kinasogea karibu na mhimili, mzigo unaanza kujisawazisha wenyewe, na mota inapata nafuu. Kwa hiyo kilowati zilezile unaweza kuzisoma kwenye kinu chenye nafasi tele na kwenye kinu kilichovimbiwa, na skrini haitakuambia ni kipi.

Kinachosema kweli ni mlio. Malighafi ikipungua, mipira inapiga laina, yale mabamba yanayokinga ukuta wa ndani, na mlio unakuwa mkali. Ikijaa, unafifia na kuwa mzito. Maikrofoni kando ya kinu imefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, ila inasikia pia kinu cha jirani. Mimi napendelea sensa ya mtetemo. Ya kwenye nyumba ya beringi inahisi kinu chake zaidi kuliko cha jirani. Inayofungwa kwenye ganda la kinu ni bora zaidi: inazunguka na kinu, inatuma ishara bila waya, na inaonyesha mipira inaangukia pembe gani. Kinu cha vyumba viwili kinastahili sensa mbili, kwa sababu chumba cha kwanza kinaweza kusongwa huku cha pili kikilia njaa.

Elevata, inayopandisha mzigo unaotoka kinuni, nayo itazamwe, ingawa habari zake huchelewa.

Linaloniuma zaidi ni woga. Opereta aliyewahi kusongwa kinu huendesha kikiwa nusu tupu miezi mizima, na hakuna anayemuuliza, maana hakijasimama. Wakati huohuo mipira inalana, laina zinakwisha, na umeme unaishia kuwa joto. Mpeni kipimo cha ujazo anachoweza kukiamini, halafu kidhibiti kishike ujazo huo badala ya tani kwa saa. Na kisiwe na pupa: chembe nene zinazorudishwa na seperata, mashine inayozitenga na unga laini, huingia tena kinuni dakika kadhaa baadaye, na anayeongeza bila kuzihesabu anajaza mara mbili.

Siku hizi ampea zikishuka nasikiliza kwanza. Mlio ukiwa umefifia na elevata inapungukiwa mzigo, nakata malighafi, nangoja kinu kijisafishe, na siongezi hata tani moja mpaka mipira isikike tena.