Mkwaruzo wa Gitaa la Hound Dog Taylor

Mwezi uliopita rafiki yangu mmoja, fundi mitambo katika kumbi za harusi, alinikuta nasikiliza albamu ya kwanza ya Hound Dog Taylor, mpigaji gitaa wa bluzi, na bendi yake ya HouseRockers. Wimbo wa kwanza haukuisha kabla hajainuka, akasogeza sikio kwenye spika na kuniambia kwa huruma, "Kaka, hii imechanika." Nilimjibu kwamba spika yangu ni nzima, na kwamba zilizochanika zilikuwa za Taylor mwenyewe, huko Chicago, mwaka 1971. Hakuridhika, na ninamwelewa, kwa sababu yeye hulipwa ili sauti ya namna hiyo isisikike kabisa. Haya ndiyo maelezo ambayo sikuweza kumpa siku ile.

Bluzi, muziki wa Wamarekani weusi uliotoka Kusini mwa Marekani, haikutiwa umeme mjini kwa anasa. Mwimbaji na mpigaji gitaa Muddy Waters alihamia Chicago mwaka 1943 kutoka mashamba ya pamba ya Mississippi, akiwa mmoja wa Wamarekani weusi wapatao milioni 6 walioukimbia ubaguzi na ujira duni wa Kusini kati ya miaka ya 1910 na 1970. Kule shambani gitaa kavu lilimtosha. Katika baa za Chicago, zilizojaa watu waliotoka viwandani na machinjioni, gitaa hilo hilo lilimezwa na mazungumzo na vicheko, naye akalazimika kushika la umeme. Siku za Jumapili, katika soko la Maxwell Street, wanamuziki walivuta nyaya za umeme kutoka majengo ya jirani ili wapige barabarani. Little Walter aliikumbatisha maikrofoni na kinanda chake cha mdomo ndani ya viganja viwili, akaipandisha amplifaya, yaani mashine ya kukuza sauti, hadi kile kidude cha mfukoni kikanguruma kama saksafoni.

Mkwaruzo ulizaliwa humo. Amplifaya ndogo ya valvu, zile taa za kioo za mashine za zamani, ikisukumwa kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa, na katika kukatwa huko hutokea sauti nyingine za juu ambazo hazikuwamo katika mtetemo wa uzi, hivyo noti moja hunenepa na kuwa na makali. Kinachonigusa zaidi ni kwamba mkwaruzo huo hufuata mkono: mpigaji akiugusa uzi kwa upole, sauti hutulia, akiuchapa, hukwaruza, kama vile koo la mtu linavyokwaruza anapopaza sauti kwa uchungu au kwa furaha iliyomzidi. Anayeusafisha mkwaruzo huo huondoa alama inayotuonyesha ni wakati gani mpigaji alikuwa anabembeleza na ni wakati gani alikuwa analia.

Taylor aliupeleka mtindo huu mbali kuliko wengi. Gitaa lake lilikuwa la bei rahisi, lililotengenezwa Japani, na bomba alilolivaa kidoleni ili kulitelezesha juu ya nyuzi lilitokana na mguu wa kiti cha jikoni. Jumapili mchana alipiga katika baa ndogo ya Florence's, upande wa kusini wa Chicago, na huko ndiko alikosikilizwa na kijana Bruce Iglauer, ambaye alishindwa kumshawishi mwajiri wake amrekodi, kisha mwaka 1971 akaanzisha kampuni ya rekodi ya Alligator kwa ajili ya kazi hiyo hiyo. Albamu ilirekodiwa kwa jioni mbili tu. Taylor alifariki mwaka 1975, na huwa nashukuru kwamba hakuna aliyempa vifaa bora kabla ya jioni zile.

Jambo kama hili limetokea pia karibu zaidi na sisi. Huko Kinshasa, kundi la Konono N°1 liliunganisha likembe, ala ndogo ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, na maikrofoni zilizoundwa kwa sumaku za magari mabovu, ili muziki wa kijijini usikike katikati ya kelele za jiji, na mkwaruzo uliotokana na vifaa vile ukawa sehemu ya muziki wenyewe.

Wapo wanaosema kwamba kuusifu ukali huu ni kuusifu umaskini, au ni kuwaona wanamuziki hao kama watu wasio na elimu ya kazi yao. Hoja hiyo naichukulia kwa uzito, kwa kuwa kuna wapenzi wa bluzi, hasa walioitazama kutoka mbali, ambao waliwasifu watu hawa kana kwamba waliimba kwa silika tu. Lakini Little Walter alikuwa na usahihi wa sonara, na bendi ya Taylor ilishikana barabara. Walijua walichokuwa wakikifanya.

Rafiki yangu alirudi wiki iliyopita, nami nikauweka wimbo ule ule. Safari hii hakuitazama spika. Alisikiliza kwa muda, kisha akauliza, "Besi anapiga nani?" Nilimwambia kwamba hakuna besi: wako watu watatu tu, Taylor, Ted Harvey kwenye ngoma, na Brewer Phillips, ambaye huibeba sehemu ya besi kwenye nyuzi nene za gitaa la kawaida. Aliniomba niurudishe wimbo mwanzoni, akafumba macho ili amfuate Phillips peke yake.