"Nitakuombea," Kisha Nini?

Katika waraka wake ulio katika Agano Jipya, Yakobo hazunguki. Anamtaja ndugu asiye na nguo wala riziki ya siku, halafu anamtaja mwenzake anayemwambia, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba," na asimpe chochote. Yafaa nini? anauliza. Kila nikisoma hapo naisikia sauti yetu wenyewe, maana siku hizi tunasema "nitakuombea". Maombi nayaamini kwa moyo wangu wote. Linaloniuma ni mtu mwenye uwezo wa kusaidia kuyatanguliza maombi ili apate njia ya kuondoka.

Najua nitajibiwa kwamba tunaokolewa kwa neema. Kweli kabisa. Martin Luther, Mjerumani aliyeanzisha matengenezo ya Kanisa, kwa kuilinda kweli hiyo, mwaka 1522 aliuita waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu, yaani usio na uzito. Lakini Paulo, akishawaambia Waefeso kwamba wokovu hautokani na matendo, mtu asije akajisifu, papo hapo anaongeza kwamba tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Wengi wetu tumeikariri aya ya 9 tukaishia hapo.

Ninayempenda zaidi katika habari hii ni Dorkasi wa Yafa. Kitabu cha Matendo hakituachii hata neno moja lililotoka kinywani mwake. Alipokufa Petro aliitwa, na wajane wakasimama karibu naye wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizozishona enzi za uhai wake. Nguo hizo hazikushonwa siku moja. Kuna kupima, kukata, kutunga uzi, kufumua mshono uliokwenda kombo, na kabla hujamaliza mjane mwingine anabisha hodi.

Ndiyo maana sikubaliani na jinsi tunavyoihubiri saburi, kana kwamba ni kukaa ukingoja mlango ufunguke. Yakobo anataka saburi iwe na kazi kamilifu. William Carey, mmisionari Mwingereza, alifika India mwaka 1793, na Mhindi wake wa kwanza akambatiza mwishoni mwa 1800. Mwaka 1812 moto ukateketeza kiwanda chake cha uchapaji pamoja na miswada ya tafsiri, naye akaanza upya.

Lakini si lazima twende mbali hivyo. Anayemuuguza mama aliyepooza humgeuza ubavu usiku wa manane ili asipate vidonda, humfuta, hubadilisha shuka, na usiku unaofuata ni yale yale. Wiki za mwanzo wageni hujaa. Miezi ikipita, hata simu hazipigwi. Mtu huyu hapewi nafasi ya kutoa ushuhuda kanisani, kwa sababu ushuhuda tumezoea kuutaka wa jambo lililokwisha, na lake halijaisha. Kwangu mimi, huyo anaihubiri imani kuliko wengi wanaoshika kipaza sauti.

Niseme na hili, maana limewaumiza watu: saburi si neno la kumwambia mke anayepigwa arudi nyumbani akavumilie. Hapo tendo la imani ni kumpa mahali salama pa kulala na kusimama naye anapodai haki yake.

"Tusichoke katika kutenda mema," Paulo anawaandikia Wagalatia. Asingeyasema hayo kama wenye kutenda mema hawachoki. Mara nyingi uchovu huo unatokana na mzigo mmoja kubebwa na mtu mmoja muda mrefu mno, na katika sura hiyo hiyo ameshawaagiza wachukuliane mizigo. Kwa hiyo nina ombi kwa vikundi vya maombi. Mkimaliza kumwombea mgonjwa, pangeni zamu. Nani atalala pale Jumanne ili anayeuguza apate usingizi, nani atafua, nani atampeleka kliniki. Majina yaandikwe kabla ya sala ya kufunga, watu wakiwa bado wameketi.