Haijulikani na nani?

Siku yangu ya tatu msituni Udzungwa niliandika "haijulikani 4" kwenye fomu. Ulikuwa mti mwembamba wa gome la kijivu. Tulishauzungushia utepe kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, kama tulivyofundishwa chuoni, kipenyo nikaandika, jina sina. Mzee aliyekuwa akituongoza akachungulia karatasi yangu kwa juu ya bega.

"Haijulikani na nani?" akauliza.

Nikacheka kwa aibu. Akachubua gome kidogo kwa ncha ya panga, akaninusisha, akautaja mti ule kwa Kihehe. Akaeleza kwamba hutoa maua mvua za kwanza zikishapita, kwamba mbega wekundu huyafuata majani yake machanga, na kwamba kuni zake zina moshi mbaya, ukizipeleka nyumbani mama watoto atakutukana. Alimaliza yote hayo mimi bado natafuta kifutio. Na hata nilipokipata, fomu haikuwa na safu ya kuandika mambo ya namna ile.

Nimekikumbuka kisa hiki kwa sababu ya ujumbe unaonijia kila yanapotoka matokeo ya kidato cha sita. "Kaka, shikamoo. Napenda sana wanyama, nataka nifanye kazi ya uhifadhi. Nianzie wapi?" Njia zenyewe si siri. Kuna chuo cha Pasiansi kule Mwanza, kuna chuo cha wanyamapori cha Mweka kilichopo kwenye miteremko ya Kilimanjaro tangu 1963, kuna Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) pale Morogoro. Ukitoka huko unasubiri nafasi za TANAPA (hifadhi za taifa), TAWA (mamlaka ya wanyamapori), Ngorongoro au TAWIRI (utafiti wa wanyamapori), au unabisha hodi kwenye mashirika. Hayo utayakuta kwenye mwongozo wa udahili. Ninachotaka kukisema mimi hakimo humo: fani hii imesimama juu ya mabega ya watu ambao yenyewe haijawatengenezea ngazi ya kupandia.

Chukua Gombe, hifadhi ya sokwe kule Kigoma. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefariki Oktoba 2025, alishuka kwenye ufuko ule Julai 1960 akiwa na umri wa miaka 26, hana shahada yoyote. Alikuwa na macho, subira na daftari. Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, akamwamini, na mwaka 1962 Cambridge wakampokea kusomea udaktari wa falsafa bila shahada ya kwanza. Sina kinyongo naye hata kidogo, kazi yake inajieleza. Lakini ona kilichofuata. Mei 1975 watu wenye silaha kutoka Zaire (Kongo ya leo) walivuka Ziwa Tanganyika usiku, wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni. Hao baadaye waliachiwa, na watafiti wa kigeni wakaondolewa kituoni. Sokwe hawakuondoka, na wala kumbukumbu zao hazikukatika. Vijana wa vijiji vya Kigoma, waliokuwa wameajiriwa kama wasaidizi, waliendelea kuamka alfajiri, kumfuata sokwe mmoja kutwa nzima kwenye mabonde yale na kuandika amekula nini, amekutana na nani, amepigana na nani. Waliandika kwa Kiswahili. Yaani sehemu kubwa ya utafiti wa sokwe unaosifiwa dunia nzima kwa urefu wake imeandikwa kwa mkono, kwa lugha hii unayoisoma sasa, halafu ndipo ikatafsiriwa.

Wangapi kati yao Cambridge iliwafungulia mlango?

Au chukua kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa kwenye mlima Rungwe walikuwa wakimtaja nyani huyo kwa jina lake, ila watafiti waliowahoji hawakuwa na hakika kama anayetajwa ni mnyama wa damu na nyama au ni kiumbe wa masimulizi. Mei 2003 wakamwona. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakamkuta huku kwetu Udzungwa, msitu wa Ndundulu, na mwaka 2005 akatangazwa duniani kuwa "amegunduliwa". Angalau jina wamemwachia, kwenye vitabu anaitwa Rungwecebus kipunji. Kisa ninachokipenda zaidi ni cha kwale wa Udzungwa. Mwaka 1991 wanasayansi wa Denmark waliokuwa kambini msituni waliona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya sufuria ya mboga. Ikaja kubainika ni aina mpya kabisa, tena ndugu zake wa karibu wako Asia. Sayansi ilikuwa haijakutana naye, mpishi alishamnyonyoa.

Nisieleweke vibaya. Mzee wangu naye hukosea. Alikuwa na jina moja kwa miti mitatu ambayo kitaalamu ni mitatu tofauti, na tulibishana wiki nzima kuhusu ndege wawili aliosema ni dume na jike wa aina moja. Sisemi apewe udaktari. Tena kuhesabu mbega kwa saa moja kila asubuhi, ukitembea mwendo wa pole kwenye njia ileile mwezi hadi mwezi, kisha kuzichambua zile namba ili ujue wanaongezeka au wanapungua, ni ujuzi wa darasani, na bila huo maneno ya mzee yanabaki hadithi nzuri ya jioni. Vyote viwili vinahitajika. Tatizo ni kwamba kimoja kina cheti, mshahara na pensheni, na kingine kina posho ya siku, fulana yenye nembo ya mradi, na mstari mmoja mwishoni mwa makala: "tunawashukuru wasaidizi wetu wa uwandani." Majina hata hayaandikwi wakati mwingine.

Fundi magari aliyejifunzia chini ya mwembe, leo VETA, mamlaka ya ufundi stadi, wanaweza kumpima na kumpa cheti. Mwashi vilevile, mpishi vilevile. Wanauita urasimishaji wa ujuzi, na ni jambo la maana sana. Sasa mtu anayetambua miti mia mbili kwa kunusa gome, anayesoma kinyesi cha tembo na kukwambia amepita jana jioni akitoka kwenye mashamba ya mpunga, kwa nini naye asipimwe? Miradi inakuja kwa miaka mitatu mitatu. Kila mradi unamkuta mzee yuleyule, unamwita msaidizi, unamwacha msaidizi. Mtafiti aliyekuja akiwa mwanafunzi anarudi akiwa profesa, anamkuta mwongozaji wake palepale, kazeeka tu.

Na upande wa vijana wenye vyeti nako kuna kizingiti. Nilipomaliza chuo nilijitolea miezi mitano kwenye shirika moja, sitalitaja, bila hata nauli. Chumba nililipiwa na dada yangu kwa faida ya genge lake la nyanya. Tulikuwa wanne tulioanza, na wawili walioondoka mapema hawakuondoka kwa uvivu, mmoja alikuwa bingwa wa ndege kuliko sisi wote. Leo anauza vifaa vya simu Ifakara. Kujitolea kunakoitwa "fursa ya kupata uzoefu" huchuja watu kwa mifuko ya ndugu zao, basi. Na waajiri wakishachuja hivyo, husema vijana siku hizi hawana moyo wa uhifadhi.

Kwa hiyo anayeniuliza aanzie wapi, namjibu hivi. Kwanza, penda namba. Programu ya R ya takwimu ni ya bure, QGIS ya ramani nayo ni ya bure, na kompyuta ya mtumba inaziendesha. Anayejua kuchambua takwimu haombi kazi kwa kunyenyekea sana. Pili, zoea mikutano ya kijiji. Nilidhani nimesomea wanyama, kumbe sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa kwenye benchi la mbao nikimsikiliza mama ambaye tembo wamemmalizia ekari yake ya mahindi usiku mmoja, na ananiuliza kifuta jasho kinakuja lini. Ukimjibu kwa lugha ya ripoti umekwisha. Tatu, na hili ndilo huwa nalirudia, mtafute mzee wa njia kabla hujafungua fomu. Msalimie, mbebee mzigo, mwache aongee, andika kila anachosema hata kama hakina safu.

Mzee wangu hapandi mlima tena, magoti yamekataa. Nilimpigia mwezi uliopita. "Marahaba mwanangu. Ule mti wako wa namba nne ulishapata jina?" Nikamwambia ulishapata, na nikamtajia lile la Kilatini. Akalirudia vibaya, akacheka, akasema la kwake ni fupi zaidi. Kisha akampa simu mjukuu wake, yuko kidato cha tano mchepuo wa CBG (kemia, biolojia na jiografia), likizo huingia kwenye vichaka vya nje ya hifadhi na kaunta buku akiandika majina aliyoambiwa na babu. Jioni ile kijana akanitumia picha ya jani kwa WhatsApp, chini yake jina la Kihehe, na swali: "Kaka, kitabuni linaitwaje?"

Sikulijua. Nimemwambia asubiri mpaka mmea utoe maua, akate kitawi chenye maua na majani, akilaze katikati ya magazeti makavu na kukibana kwa matofali, abadilishe magazeti kila siku. Tawi lisilo na maua wala matunda, watu wa hebaria, ghala la mimea iliyokaushwa, watamrudishia.