Mashine ya Barafu Inayotaka Bando

"Kaka fundi, njoo Kisasa jioni hii, na uje na bando la kutosha. Mashine yetu ya barafu haifanyi kazi bila intaneti."

Nikamuuliza mama mwenye nyumba, wa mtaa wa Kisasa hapa Dodoma, ni mashine gani hiyo. Akanitumia picha. Ni zile ndogo za kuweka mezani: tangi la maji chini, kikapu cha plastiki katikati, na mlango wa juu wenye kidirisha, unaofunguka kama wa sanduku. Taa zake ni nne tu: umeme, maji yameisha, kikapu kimejaa, mlango wazi. Haina intaneti. Haina hata saa.

Nilipofika niliikuta inatema barafu vizuri kabisa, na juu ya kona yake ya kulia, nyuma karibu na bawaba, imelazwa simu ya mama ndani ya kava la kufunika, zile za kufunguka kama daftari. Binti wa darasa la nne akanionyesha maajabu. Akaiondoa simu: mashine ikanyamaza, taa ya mlango ikaanza kumweka. Akairudisha: feni ikavuma, pampu ikakoroma, kazi ikaendelea.

Familia ilikuwa imeshafanya utafiti wake. Simu ya baba ilijaribiwa, ikagoma; haikuwa na bando. Kitochi cha bibi kikajaribiwa, kikagoma. Hakina intaneti kabisa. Ya mama ina bando la wiki, inakubali. Kwa ushahidi huo hukumu ikatoka, na kila bando lilipokaribia kuisha mtu alitumwa kununua jingine ili watoto wasikose barafu. Bibi, aliyekuja kutoka Mpwapwa kwa ajili ya kipaimara cha Jumapili, hakukubaliana nao. Alisema mashine imemzoea mama, basi.

Aliyeumia ni mama mwenyewe. Simu ikiita hawezi kuichukua, kwa sababu barafu itakatika katikati. Ikabidi apokee akiwa ameinamia mashine, spika wazi. Ndivyo sebule nzima ilivyomsikia mweka hazina wa kikoba akiuliza marejesho ya mwezi uliopita yamefikia wapi.

Sasa tuelewane kuhusu mashine hizi. Ndani kuna vidole tisa vya chuma. Trei inajaa maji, vidole vinazama, gesi inavipoza na barafu inajijenga kuvizunguka. Vipeperushi vya viwandani huandika dakika 6 hadi 13 kwa mzao mmoja. Kwa Oktoba ya Dodoma, jikoni chini ya bati, usishike saa. Barafu zikishakomaa valvu inafunguka, gesi ya moto inapita kwenye vidole, zinaachia, kisha koleo la plastiki linazisukuma kikapuni. Hilo koleo halichagui barafu na kidole cha mtoto. Ndiyo maana ukingoni, chini ya mlango, pana sensa, kifaa kinachohisi sumaku iliyo mlangoni: mlango ukiinuliwa, bodi, yaani saketi inayoiongoza mashine, inasimamisha kila kitu.

Taa ya mlango ikimweka wakati mlango umefungwa, usikimbilie bodi. Anza kwa kutazama kama mlango umekaa sawasawa. Maji yetu ya visima vya Makutupora yana chokaa, na lile gamba jeupe likijijenga kwenye bawaba linauinua mlango milimita mbili tatu. Sumaku ya mlangoni inakuwa mbali, sensa haiisikii. Siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, kitambaa, iloweke dakika kumi, sugua kwa mswaki wa zamani. Bawaba za mashine hii zilikuwa safi, tena safi kupita kiasi. Dada wa kazi alikuwa ameuchomoa mlango mzima na kuusugua kwa maji ya moto na jiki.

Jambo la pili ni kupitisha sumaku yoyote polepole kwenye ukingo wa mashine mlango ukiwa umefungwa. Kama kuna mahali taa inazimika, sensa ni nzima na bodi ni nzima; shida iko mlangoni. Kipimo hicho familia ilikuwa imeshakifanya bila kujua. Nikalifungua kava la mama, nikagusisha bisibisi kwenye ulimi wake wa kufungia. Ikanata, tak.

"Mama, mashine haina shida na bando lako. Inataka hii sumaku."

Kimya. Baba akauliza taratibu, kwa hiyo bando la juzi lilinunuliwa la nini.

Nikaupindua mlango. Kwenye kona ya nyuma kulikuwa na kishimo cha mraba, upana wa ukucha wa kidole gumba, kina mabaki ya gundi ya njano na hakina kitu. Maji ya moto yaliilegeza gundi, kizibo cha kishimo kikachomoka, sumaku ikaanguka. Nikauliza kama kuna aliyeokota kijiwe cheusi kinachonata kwenye chuma. Binti akaangalia dari. Bibi akaangalia friji. Pale mlangoni mwa friji, sumaku yetu ilikuwa imeshikilia risiti ya luku.

Hapo ndipo aliposogea baba mdogo, mdogo wake baba mwenye nyumba, ambaye siku zote alisubiri nafasi hii kwa kuwa aliwahi kusoma umeme wa majumbani kidogo. Shauri lake lilikuwa fupi: kata waya za sensa, zifunge pamoja, mashine iamini mlango umefungwa milele.

Mafundi wengi wa mtaani hufanya hivyohivyo, na ni kosa. Kwanza, koleo linabaki bila breki. Pili, hesabu waya kabla hujakata. Sensa ya waya mbili ni swichi ya kioo inayofungwa na sumaku. Chomoa plagi ya ukutani, chomoa soketi yake kwenye bodi, weka mita ya kupimia umeme kwenye mlio, sogeza sumaku: ikilia ni nzima. Sensa ya waya tatu ni kitu kingine. Hiyo ina waya wa volti 5, waya wa ardhi na waya wa ishara. Ukizifunga ovyo unaweza kuunganisha volti 5 na ardhi, ukaua bodi nzima kwa sababu ya sumaku iliyoanguka. Hii ilikuwa na waya tatu. Nilipima kati ya ishara na ardhi: bila sumaku karibu volti 5, simu ya mama ikikaribia inashuka hadi karibu sifuri. Kupima hivyo mashine lazima iwe na umeme, kwa hiyo mikono mikavu, na usiguse upande wa bodi unaopokea volti 230.

Nikiwa bado nimeinama na mita, nyuma yangu nikasikia harufu ya supaglu.

Baba mdogo alikuwa ameshaibandika sumaku. Ameibandika vizuri, imenyooka, hata ameipuliza ikauke. Tukarudisha mlango, tukafunga. Taa ikaendelea kumweka.

"Si nilisema ni bando," akasema bibi, ambaye hakuwahi kusema hivyo.

Sensa ya waya mbili haijali sumaku inaangalia kaskazini au kusini. Nyingi za waya tatu zinajali: zinaitikia upande mmoja tu, ukiigeuza sumaku ni kama haipo. Kwa hiyo sumaku haigusi gundi kabla ya kujaribiwa. Ishike kishimoni kwa kipande cha selotepu, funga mlango, angalia taa. Ikigoma, igeuze. Ikikubali, weka alama ya kalamu kwenye uso unaoangalia chini, ndipo uitafute gundi.

Kuitoa sasa. Baba mdogo alipendekeza asetoni ya kucha ya mama, nikamshika mkono. Asetoni inayeyusha plastiki ya mlango. Kisu kingeivunja sumaku, maana hizi hukatika kama kigae. Nikaomba mshipi wa kuvulia. Dodoma, nyumba isiyo na mvuvi, mshipi ukapatikana kwenye mkufu wa shanga wa binti. Unaupitisha nyuma ya sumaku na kuuvuta huku na huku kama msumeno. Ukipata moto pumzika, usikatike. Sumaku ikaachia nzima.

Supaglu haifai hapa hata ingeelekezwa sawa: unyevu na baridi huifanya ipasuke kirahisi. Tulikwangua mabaki, tukafuta kishimo kwa spiriti, tukachanganya epoksi ya mirija miwili kiasi sawa kwa sawa, punje ya harage inatosha, tukarudisha kizibo juu yake ili gundi isigusane na barafu. Mlango ukalala mezani hadi asubuhi, plagi nje. Mashine za aina hii nyingi hutumia gesi ya R600a, ambayo inawaka, kwa hiyo wazo la kukausha gundi kwa jiko la mkaa pembeni yake nalo tukalikataa. La nani, mnajua.

Jumamosi asubuhi mlango ulirudi, taa ikazimika, trei ikajaa. Mzao wa kwanza tukaumwaga, kama inavyopasa baada ya jiki. Wa pili ukaingia kwenye jagi la juisi ya ubuyu.

Kwenye malipo baba mwenye nyumba hakuwa na neno. Binti alidai fidia ya shanga, akapewa. Baba mdogo akaomba bili ipunguzwe kidogo, kwa kuwa supaglu ilikuwa yake.