Wamehamia Torino, Taabu Imebaki Malindi

Wamebadilisha saa tena huko kwao. Jumapili ya mwisho ya Machi Ulaya nzima hulala vizuri, ikaamka imeshasogeza saa moja mbele, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kwamba Malindi kuna dereva wa tuktuk ambaye saa yake haijasogea popote. Majira yote ya baridi dadangu, aliyehamia Torino huko Italia na watoto wake, alikuwa akipiga simu saa tatu usiku: nimeshakula, nimeshaoga, bando la siku bado lina pumzi. Sasa anapiga saa mbili kamili. Saa mbili kamili mimi niko msikitini, rakaa ya pili ya Isha, na simu imo mfukoni mwa kanzu na mlio aliouweka mpwa wangu kabla hajapanda ndege: jogoo anawika, kisha jogoo huyo huyo anacheka. Imamu, Mungu amzidishie subira, aliendelea kusoma. Vijana wa safu ya nyuma ndio walioniponza. Nilisikia mmoja anakohoa kikohozi ambacho si kikohozi.

Nikatoka nje baada ya swala nikampigia. "Kuna nini?"

"Hamna, kaka. Mtoto alitaka kukuonyesha jino lake."

Jino lenyewe halijang'oka. Latikisika tu.

Watu hapa wakisikia una dada Ulaya, hadhi yako hupanda bila ya wewe kuulizwa. Mwenye duka hukukopesha kwa tabasamu, na kwenye mchango wa harusi jina lako huandikwa na kiasi chake kabisa, wewe kazi yako ni kutoa. Hawajui kwamba familia yenye watoto wadogo ikihamia ughaibuni, wao hupanda ndege tu. Kuhama kwenyewe unahama wewe uliyebaki. Mimi sijavuka Mtwapa tangu mwaka huu uanze, lakini najua siku za taka za Torino kuliko mtu yeyote wa kaunti anavyojua za kwetu. Karatasi mbali, plastiki mbali, chupa mbali, maganda ya ndizi mbali, na kila kimoja kina siku yake. Dadangu hunipigia ameshika pakiti ya maziwa iliyokwisha, aniulize mimi iende wapi. Mimi! Mtaani kwetu taka hazina siku wala gari. Zina mbuzi.

Najua pia kwamba joto la nyumba kule lina sheria. Ghorofa lao lina mtambo mmoja wa wote, na mikoa ile ya kaskazini huruhusiwa kuuwasha tarehe 15 Oktoba na kuuzima 15 Aprili, usizidi saa 14 kwa siku. Ukihisi baridi tarehe 10 Oktoba, hiyo ni baridi yako binafsi. Mwaka jana wiki hiyo Mama hakulala. Akanituma sokoni nikatafute blanketi zito la kuwapelekea. Malindi, saa saba mchana, jasho linanichuruzika mgongoni, naulizia blanketi zito. Muuzaji akanivutia kiti nikae kwanza.

Shule nayo ina mambo. Hapa mtoto unamfikisha mlangoni, mwalimu anamshika mkono, mtoto analia, wewe unakimbia, basi. Kule yule mdogo alipopata chekechea, mamake aliambiwa aingie naye, akae naye kwenye vile viti vya kimo cha kuku, leo saa moja, kesho kidogo zaidi, mpaka mtoto azoee. Mama mtu alizoea kwanza. Yule mkubwa naye huvalishwa joho la vifungo juu ya nguo zake, na siku alipotokea kwenye simu amelivaa, Mama alinigeukia machozi yakimlenga. "Mjukuu wangu wamempeleka kazi ya kinyozi?"

Vyeti sitaki kuvizungumza. Malindi nzima inajua Kitaliano, mbuzi wa Maweni wanaitika chao, lakini tafsiri yenye muhuri ya vyeti vya kuzaliwa ilinipeleka Nairobi, basi la usiku, kiti cha juu ya tairi. Yatosha.

Sasa hili la juzi.

Kila mwaka mvua za masika zikinukia, Wataliano wa Malindi hufunga nyumba wakarudi kwao, na kila mwenye ndugu Italia huanza kuwatazama kwa upendo. Sote twajua kwa nini. Mmoja wao, mzee wa Casuarina ambaye ndiye mteja wangu wa sokoni, alikubali kunibebea kilo tatu. Alizionyesha kwa vidole ili nisizisahau. Nikamwambia Mama: kilo tatu. Mama akasema "haya", na kwa namna alivyosema ile haya, ilinipasa niuze tuktuk siku ile ile nihamie Garissa.

Asubuhi ya kupeleka mzigo nikakuta kikapu, gunia, na Mama mwenyewe amevaa buibui la Idi. "Nitazungumza naye mimi," akasema. "Wewe huna ulimi."

Mzigo ukamwagwa kwenye baraza la yule mzee. Halua, pakiti mbili. Mabuyu, yale mekundu. Achari ya maembe ndani ya chupa, mdomo umefungwa kwa nailoni, kwa mpira na kwa dua. Leso doti mbili. Udi. Samli, chupa nzima. Maembe boribo ya mwisho wa msimu, kila moja limevishwa gazeti lake. Mbuzi ya kukunia nazi, ya mti mgumu, na jino lake la chuma. Nazi za kukuniwa na mbuzi hiyo. Na chini kabisa, akilifunua gunia taratibu kama anayefunua uso wa bi harusi, ng'onda wa nguru mzima, amekauka na hasira zake, mkia umechungulia nje unaomba msaada.

Mzee wa watu akautazama mzigo, akanitazama mimi. Mimi nikatazama bahari. Akaingia ndani, akatoka na mizani ya kuning'iniza, miwani na karatasi aliyoichapisha. Wako Wataliano wa kupiga kelele, hao twawaweza. Huyu ni wa karatasi.

"Mama," akaanza kwa Kiswahili chake cha ufuoni, "samli hapana. Nyama hapana, maziwa hapana. Sheria ya Ulaya."

"Samli si maziwa," Mama akamwambia. "Ilikuwa maziwa zamani."

"Lakini yatoka kwa ng'ombe."

"Na viatu vyako vyatoka kwa nani?"

Samli ikawekwa kando. Maembe yakafuata, maana tunda bichi haliingii kule bila cheti cha afya ya mimea. Yanayosamehewa cheti ni matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Mama akauliza durian ndiyo nini. Akaambiwa ni tunda la Asia, lanuka vibaya sana. Hapo akatafuta pa kukaa. "Linalonuka lapita, na boribo langu larudishwa?" Akataka aandikiwe jina la aliyetunga sheria hiyo. Mzee akamwambia ni nchi 27. Mama akasema basi aandikiwe zote, hana haraka.

Nazi zikapita. Mama akazisogeza upande wake moja moja, pole pole, kila mtu azione. Ikafika zamu ya nguru, na yule mzee, maskini, kwa kuwa ni mtu mkweli, akasoma kwa sauti kwamba samaki anaruhusiwa, mpaka kilo 20 kwa msafiri mmoja.

Nilimpungia mkono anyamaze. Akadhani namfukuzia nzi.

"Ngapi?" Mama akauliza.

"Ishirini. Au samaki mmoja, hata akizidi hapo."

Upepo ukavuma. Mama akanigeukia. "Sulisuli mmoja ana kilo ngapi?"

"Mama."

"Nimekuuliza."

"Mama, mwenyewe amesema kilo tatu."

"Serikali yao yasema ishirini, yeye asema tatu. Yeye ni nani mbele ya serikali?"

Mzee akajitahidi kueleza kwamba ishirini ni za forodha na tatu ni za begi lake, na begi lina mpaka wake, na humo ndani kuna nguo. Mama akauliza nguo za nini, na mtu anarudi kwao. Kwani kwao hana nguo? Nilimwona yule mzee akifungua mdomo, akaufunga. Nadhani alikuwa hajawahi kulifikiria.

Nikaona sasa heshima ya familia iko mikononi mwangu. Nikasimama, nikakohoa, nikanyoosha kola. Nikawakumbusha wazee wangu hawa wawili kwamba mwaka 1415 mji huu wa Malindi ulimpelekea mfalme wa China twiga, twiga mzima, shingo na kila kitu, na hakuna kitabu kinachosema nahodha alitoa mizani. Nikamgeukia Mtaliano: na nyinyi je? Si nyinyi mliorusha setilaiti hapo Ngomeni tarehe 12 Desemba 1970, siku yetu ya Jamhuri, ikaitwa Uhuru? (Ilikuwa ya Wamarekani, lakini jukwaa na mikono vilikuwa vya Wataliano, na sikuona haja ya kumpunguzia sifa.) Ilikuwa na kilo zaidi ya 140! Kama hizo zilifika angani, nguru mmoja hafiki Torino? Mkono wangu ulikuwa bado juu Mama aliponiambia nikae, naziba upepo.

Na hapo nikachoka. Sikuchoka kwa mzaha. Nikamwambia, Mama, kule kuna samaki! Kuna soko, laitwa Porta Palazzo, mwanao mwenyewe amesema hata mihogo ipo. Nazi zipo madukani! Mimi tangu asubuhi sijabeba abiria hata mmoja, petroli ndiyo hiyo mwaijua, deni la tuktuk lalala macho, na tangu watu hawa waondoke sijasikia mmoja anauliza mjomba amekula nini. Jino la mtoto nimeliona. Mimi magego mawili yananiuma, nani ameomba kuyaona?

Mama akaningoja nimalize. Kisha akasema, "Hizo nazi za dukani, azikuna nani?"

Sasa hilo utalijibu nini.

Mzee akavua miwani. Akaitazama mbuzi, akaitazama nguru, akashusha pumzi, akasema sawa, atabeba yote isipokuwa samli na maembe, shati zake ataziacha. Ila ana shida moja ndogo. Ana paka.

Hakumaliza. Mama alikwisha kusema ndiyo, kwa niaba yangu, nyumbani kwangu, mpaka Desemba.

Huyo paka, jamani, sitaki kumsengenya. Ni mnene, mweupe, na ana kitabu chake cha chanjo, kitu ambacho mimi sina. Dagaa hali. Nimempa wabichi, nimempa wa kukaanga, nimempa wa nazi, na ule wa nazi nikaishia kuula mwenyewe namtazama. Alivyozoezwa ni tambi na jodari wa kopo, na bei ya jodari wa kopo nendeni mkaulize wenyewe, mimi moyo wangu mdogo. Tambi zikiwa laini mno hazigusi. Mchana hulala kwenye kiti cha nyuma cha tuktuk, na abiria akitaka kukaa, yule hasogei. Abiria ndiye anayejibana pembeni, tena kwa bei ile ile. Mwalimu mmoja wa Barani aliniambia niongeze kiti cha tatu.

Jana jioni jirani alinijia na mabawa mkononi. Mabawa tu. Akasema paka wako amenimalizia mtetea wangu wa mayai. Nikamwambia, kwa upole kabisa, paka si wangu, ni wa Mtaliano.

Akasema vizuri, basi kuku alipwe kwa yuro.