Trekta likivuta Ohio, nakumbuka tope la Kilombero

Nilipohamia kaskazini-magharibi mwa Ohio, jimbo la Marekani, kilichonishangaza kwanza ni ardhi yao kufanana na yetu. Tambarare mpaka macho yachoke, udongo mweusi unaonata kwenye viatu. Zamani kote kule kulikuwa kinamasi, hadi leo wanakiita Great Black Swamp, na wakulima wa karne ya 19 walikikausha kwa kuchimba mitaro na kufukia mabomba ya udongo wa kuchoma chini ya mashamba. Mimi ni mtoto wa Bonde la Kilombero, kinamasi nakijua. Chetu hatujakikausha, ndimo tunamolima mpunga.

Kwa hiyo wenzangu kazini, kwenye maghala ya nafaka, waliposema kwamba Agosti wanakwenda mji wa Bowling Green kutazama matrekta yakivuta, nilidhani nimewaelewa. Kuvuta kwa trekta nimekulia nako. Masika yakikolea, fuso lenye magunia ya mpunga linazama hadi kwenye ekseli, utingo anaondoka na baiskeli kumwita baba mdogo, na baba mdogo anakuja na Massey Ferguson 290 la tajiri wake. Kijiji kizima kinatoka. Watoto tunakata matawi ya kutia chini ya matairi, wanaume wanasukuma kwa nyuma mpaka tope linawafika kifuani. Baba mdogo hakanyagi mafuta ovyo. Anaupeleka mnyororo polepole hadi unyooke, anasikiliza injini, ndipo anaachia klachi. Fuso likitoka, vigelegele vinasikika hadi mtoni.

Bowling Green sikukuta fuso. Nilikuta majukwaa yamejaa watu, na uwanja wa mfinyanzi ulioshindiliwa na kumwagiwa maji kama sakafu ya nyumba. Mashindano ya kitaifa yanafanyika pale tangu 1967. Trekta linafungwa gari refu la chuma. Nyuma lina magurudumu. Mbele halina, kuna bamba linaloburuta udongo. Juu ya gari kuna sanduku la vyuma vizito. Trekta likianza kwenda, sanduku linasogezwa kutoka nyuma kuja mbele, uzito unahama kwenye magurudumu unaegemea bamba, na kila hatua mzigo unazidi kung'ang'ania ardhi. Mita za kwanza ni rahisi. Kufika katikati, pua ya trekta imeinuka, matairi yanachimba, jukwaa zima limesimama. Anayeumaliza uwanja, futi 300 na ushee, ametimiza. Wakitimiza wengi, mzigo unaongezwa na wanarudia.

Wazee wa pale husimulia kwamba asili yake ni farasi. Mlango wa ghala ulilazwa chini, farasi akauburuta, na watu wakawa wanaupanda mmoja mmoja njiani mpaka mnyama ashindwe. Mwaka 1929 injini ziliingia mashindanoni, Vaughansville hapo hapo Ohio na Bowling Green nyingine iliyoko jimbo la Missouri. Chama cha kitaifa chenye kanuni za pamoja kilikuja 1969. Ile habari ya watu kupanda mlangoni ilinigusa sana. Kumbe nao walianza kwa miili yao, kama sisi nyuma ya fuso.

Sitaficha, siku ile niliumia. Dizeli inaungua, moshi mweusi unapanda, na hakuna hata tuta moja lililolimwa. Nyumbani nimeona mashamba yakipitwa na mvua kwa sababu mwenye trekta alisema mafuta hayajafika.

Mwaka uliofuata nikaenda kwenye maonyesho ya kaunti ya jirani, madogo, na hapo ndipo mawazo yangu yalipogeuka. Pale yanavuta matrekta ya shambani yenyewe. Kesho yake yanarudi kazini. Binti mmoja, hajafika hata miaka 18, alikuwa juu ya trekta la Farmall la babu yake, lililoundwa kabla baba yake hajazaliwa. Injini aliifungua mwenyewe pamoja na babu huyo wakati wa baridi. Alinieleza kwa nini amepunguza upepo wa matairi na kwa nini amening'iniza vyuma mbele, huku grisi imemfika kwenye viwiko. Nilimsikiliza nikawa namfikiria baba mdogo, aliyeendesha trekta miaka zaidi ya ishirini na hakuruhusiwa kamwe kufungua boneti.

Ndugu zangu mkiona video mnaniambia wenzetu wana hela za kuchezea. Hela wanazo, sibishi. Lakini kinachonitia wivu ni ule ujuzi kukaa kijijini. Kwetu trekta ni mgeni: linatoka mjini, linalima kwa ekari, linalipwa, linaondoka. Powertila ya kikundi chetu, iliyokuja enzi za Kilimo Kwanza, ililala chini ya mwembe misimu mitatu, na siku fundi wa mjini alipofika aliitengeneza kwa nusu saa.

Tena kuna la mnyororo. Nilikuwa darasa la sita ulipokatika katikati ya kuvuta, ukarudi kama fimbo ukampiga utingo gotini. Hakutembea sawasawa tena. Watoto tulikuwa tumesimama hatua chache tu kutoka pale. Ohio dereva anavaa kofia ngumu na nguo za kuzuia moto, watazamaji wanawekwa mbali na njia, na kuna waya kati ya trekta na gari la mzigo: viwili hivyo vikiachana, injini inazima papo hapo. Shindano likiwa na kanuni, hata usalama unaandikwa. Sisi tunavuta kila masika na hatujaandika chochote.

Wenyeji wangu nao wana walilopungukiwa. Jirani yangu wa karibu nilimjua jina baada ya mwaka mzima, na nilimjua kwenye jukwaa la matrekta. Kwetu jina lako linajulikana kabla hujatua mzigo.

Nane Nane inaangukia Agosti hiyo hiyo. Uwanja wa Morogoro nimeuzunguka sana ujanani: matrekta mapya yamepangwa, viti bado vina nailoni, unapewa kipeperushi unaondoka. Nawasihi waandaaji watenge kipande kimoja, walete tela lenye viroba vya mchanga, wawaite madereva wa Kilombero, Kilosa na Mvomero na matrekta yao ya siku zote. Wavute, watu wakae mbali na mnyororo, na fundi atangazwe kwenye kipaza sauti sawa na dereva. Kijana akishaona fundi anashangiliwa, ataitaka spana.

Agosti iliyopita nilimpigia baba mdogo kwa video nikiwa jukwaani. Alitazama trekta tatu bila kusema neno. Kisha akauliza zinalima ekari ngapi kwa siku. Nikamwambia hizi hazilimi, zinavuta tu. Akanyamaza kidogo. "Mnyororo wao una unene gani?" Sikuwa najua. Nimemwahidi mwaka huu nitakwenda mapema, kabla uwanja haujafungwa, na futi kamba mfukoni.