Kigae cha chupa kisichoiva: kirudishwe baharini au kiondolewe?

Wakusanyaji wa vigae vya chupa vilivyolainishwa na bahari wana desturi inayowagawa: kipande kikali, au kinachong'aa bado, hurushwa tena majini "kikaive", yaani kilainike kingo na kufifia mng'ao. Wengine huiita subira. Wengine husema huko ni kutupa taka mara ya pili.

Wanaorudisha hawakosi hoja. Chupa ni mchanga wa silika, magadi na chokaa, na bahari huifanyia kazi mbili kwa pamoja. Kokoto husaga kingo, huku maji yakinyonya sodiamu kutoka usoni mwa kioo mpaka ukungu utande. Ukikitazama kigae kilichoiva kwa lenzi ya kukuza mara 10, utaona vialama vidogo vilivyopinda kama hilali. Mashine ya kusugulia mawe huleta ukungu ndani ya siku chache, ila vialama hivyo kwa kawaida haivileti. Kazi ya bahari huchukua miaka 20 hadi 40, mara nyingi zaidi, na akiba haiongezeki. Ufukwe wa Fort Bragg, California, unaishi kwa taka zilizomwagwa kati ya 1906 na 1967. Seaham, Uingereza, kwa mabaki ya kiwanda cha chupa kilichofungwa 1921. Siku hizi vinywaji vingi vimehamia kwenye plastiki.

Tatizo ni kwamba hoja hiyo husahau ufukwe wenyewe. Kigae huiva pale penye kokoto na mawimbi mazito. Kwenye mchanga laini, maji yakiwa matulivu, hufukiwa tu. Kinakuja kufukuliwa baadaye kikali vilevile, na wa kwanza kukiona ni mguu wa mtu. Ukikirusha mbali kupita mawimbi yanapovunjika, huenda kikatulia huko bila kusagwa. Kioo chembamba cha balbu au bilauri hakifai kurudishwa popote, kwa kuwa hupasuka kabla ya kulainika, na kila mpasuko huzaa kingo mpya.

Upande wa kuondoa una sheria nyuma yake: tangu Januari 2013, kanuni za MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, zinakataza meli kutupa kioo baharini. Ila nao wana unafiki wao mdogo. Husema wanasafisha ufukwe, kisha mfuko unajaa vile vilivyoiva, ambavyo havimkati mtu, na vyenye makali vinabaki. Kuokota huko kunaruhusiwa sehemu nyingi, lakini tusikuite usafi. Katika hifadhi ya jimbo pale Fort Bragg kumekatazwa.

Kwa maoni yetu, ukingo ndio uamue. Uburuze taratibu juu ya kipande cha kitambaa. Ukinasa nyuzi, kigae kiondoke ufukweni, tena ndani ya kopo gumu, maana mfuko wa plastiki hutoboka. Ukiteleza lakini upande mmoja bado unang'aa, na ufukwe ni wa kokoto, kiache palepale ulipokikuta. Kama ni kitako kinene cha chupa, kina nafasi nzuri zaidi ya kuiva. Kwenye mchanga, kiondoe hata hicho.

Wanaovunja chupa mpya makusudi ili "kupanda" vigae hatukuwapa nafasi katika mizani hii. Kwa miongo ya mwanzo, wanachopanda ni makali tu.